Pingamizi Ambalo Sikuliandika

Mwanangu Emiliana,

Naomba radhi kwa kukunyamazia wiki tatu ndani ya nyumba moja. Kila asubuhi umenipa shikamoo yangu, nami nimejibu marahaba, na hapo pamekuwa mwisho wa mazungumzo yetu. Mama yako amezihesabu siku hizo kwa sauti, mbele yangu, huku akipakua uji. Kesho alfajiri unapanda basi kwenda Dodoma kuanza kazi. Mchana huu umekwenda Dongobesh kumuaga shangazi yako, nyumba ni tupu, nami nimekaa mezani niandike yale ambayo mdomo wangu umeshindwa kuyatoa. Barua hii utaikuta juu ya begi lako.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za dawa, wala za namna ya kuishi na mwenye nyumba. Mama yako amekwisha kukueleza hayo yote, na nimekusikia ukimjibu "ndiyo, mama" kwa sauti ya mtu ambaye mawazo yake yamekwisha kupanda basi. Mimi nina jambo moja tu, na ni zito.

Ulikuwa na furaha siku ile, wiki tatu zilizopita. Uliondoa vikombe, ukaweka kompyuta yako hapa hapa ninapoandikia, ukaniita: "Baba, njoo uone. Hii ndiyo kazi nitakayoifanya." Ukanionyesha kilima cha nyuma ya shule, kilichopigwa picha kutoka angani na ile droni iliyowatawanya ng'ombe wa jirani. Ukanieleza kwamba kampuni iliyokuajiri inatumia akili mnemba kupanga machimbo ya mawe. Imelishwa picha hizo, vipimo vya miamba, taarifa za mvua, na nyaraka zote zilizokuwa katika ofisi ya kijiji. Imejaribu maelfu ya mipango, ikachagua mmoja: shimo lianzie wapi, ngazi zake ziwe na kimo gani ili ukuta usiporomoke, udongo usiotakiwa urundikwe wapi, malori yapite wapi ili yasizunguke.

Nilikufuata vizuri kuliko ulivyodhani. Nimefundisha hesabu za pembe katika shule iliyo chini ya kilima hicho kwa kamba na vijiti, na sasa binti yangu alikuwa anakizungusha kilima kizima kwa kidole kimoja. Nilijivuna, ingawa sikukuambia.

Kisha ukafika kwenye ukurasa unaohusu wananchi. Uliusoma haraka, kama mtu anayesoma jambo lisilo na tatizo: "Wakazi wa eneo hili hawajawahi kupinga uchimbaji katika kilima husika." Chini yake palikuwa na picha ya ukurasa wa kitabu cha mihtasari ya mikutano ya kijiji. Niliutambua mwandiko kabla ya kulisoma jina. Ulikuwa wangu.

Unakumbuka nilivyofanya. Nilipiga meza. Nilisema mashine hiyo ni pumbavu, walioituma ni wezi, na wewe nimekusomesha ili uje uwabebee mkoba. Ulishusha kifuniko cha kompyuta polepole, ukaniambia bila kupaza sauti: "Baba, mashine imesoma ulichoandika wewe."

Nilitoka nje. Nimekuwa nje tangu siku ile, hata nilipokuwa nimeketi nanyi kwenye chakula.

Sasa nikueleze kilichotokea katika mkutano ulioandikwa kwenye ukurasa ule. Wewe ulikuwa mgongoni kwa mama yako. Serikali ilikuwa inatengeneza barabara, mkandarasi akahitaji kifusi, na kilima cha nyuma ya shule kilikuwa karibu. Mkutano mkuu wa kijiji uliitishwa darasani. Mimi niliteuliwa kuandika muhtasari kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka na Kiswahili changu hakikuwa na makosa. Wageni kutoka wilayani walikaa mbele kwenye viti vya walimu. Nilikuwa nimevaa suti yangu ya harusi.

Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye neno, bibi yako alisimama. Mama yangu mzazi. Alikuwa ametoka shambani moja kwa moja, miguu ina matope, fimbo mkononi. Akaanza kusema kwa Kiiraqw.

Ni lazima ujue nilikuwa mtu wa namna gani wakati ule. Shuleni kwangu mtoto aliyesema Kiiraqw alivikwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwenzake akisema. Niliamini kwamba ninawajenga. Sasa nimekaa mbele ya wageni na kalamu mkononi, na mama yangu ndiye anayevunja sheria yangu, tena kwa sauti kubwa. Niliona aibu. Ninakuandikia neno hilo kwa sababu nimelizunguka miaka yote hii kwa kusema kwamba nilifuata utaratibu. Hapakuwa na utaratibu wowote. Niliona aibu kwa ajili ya mama yangu.

Nilimwambia, "Mama, hapa tunazungumza Kiswahili."

Akanitazama, akaendelea. Mgeni mmoja akaniinamia: "Mwalimu, mama anasemaje?"

Nikajibu, "Anawakaribisha wageni."

Darasa zima lilisikia. Zaidi ya nusu ya waliokuwamo walielewa kila neno alilolisema mama, na walijua kwamba nimedanganya. Mtu mmoja alikohoa. Hakuna aliyenisahihisha, kwa maana mimi nilikuwa mwalimu, na mwalimu hasahihishwi. Mama alipoona hivyo alijaribu Kiswahili. Alisema, "Maji itakufa. Wewe mtoto yangu, wewe najua." Wanafunzi waliokuwa wakichungulia madirishani walicheka. Niliwaacha wacheke. Nikaandika kwa mwandiko mzuri: "Hakuna pingamizi lililotolewa."

Hili hapa ndilo alilolisema. Sijawahi kuliandika popote. Nilikuwa nimelisikia lote, na kumbukumbu yangu, kwa bahati mbaya, ni nzuri:

"Mimi na wanawake wa mteremko huu tunasafisha jicho la chemchemi kila mwaka kabla ya masika. Maji yale hayatoki chini. Yanatoka ndani ya kilima, kwenye ufa ulio nyuma ya jiwe kubwa. Walipochimba msingi wa nyumba ya mwalimu mkuu kule juu, maji yetu yalikuwa mekundu siku nne. Walipochimba choo cha shule, yakawa mekundu tena. Hayo yalikuwa majembe tu. Ninyi mnaleta mashine. Mkitaka mawe, chimbeni upande wa machweo, kwenye mawe makavu ambako hata mbuzi hapati cha kunywa. Hapa juu ya maji, nakataa."

Soma tena, mwanangu, kwa macho ya kazi yako. Alitaja chanzo cha maji, alitaja ufa, alitoa ushahidi wa mara mbili, alitaja ukubwa wa mashine, kisha akapendekeza mahali pengine pa kuchimba. Hakukataa barabara. Alipanga machimbo yale, bila droni, kwa mikono iliyozoea tope la chemchemi ile. Na mimi niliyekuwa na stashahada nikasema anawakaribisha wageni.

Walichimba. Masika ya kwanza maji yalitoka mekundu, na hayakusafika kwa siku nne wala kwa arobaini. Masika ya pili jicho la chemchemi lilianza kukauka. Leo hii linajaza ndoo moja kwa asubuhi nzima, na wanawake wengine wote wanashuka kijitoni na kupanda tena na madumu. Bibi yako alipita na dumu lake kando ya uzio wa shule kila siku, mimi nikiwa ubaoni. Hakunigombeza. Siku moja tu alisimama dirishani, akaniambia mbele ya darasa la sita, kwa Kiiraqw, wala sikumvika kibao: "Mwalimu, andika basi kwamba hakuna maji."

Tangu siku ya mkutano ule mpaka alipokufa, aliniita Mwalimu. Hakuniita mwanangu tena. Wewe ulidhani ni heshima. Watu wote walidhani hivyo, nami niliwaacha wadhani.

Unaona sasa kwa nini nilipiga meza. Kwenye mpango ule ulionionyesha, shimo jipya, kubwa kuliko la kwanza mara nyingi, linaanzia juu ya jiwe lile lile. Uliniambia sababu: upande huu uko karibu na barabara, malori yanaokoa mafuta. Chemchemi yenyewe haimo kwenye ramani. Picha za angani hazikuiona kwa sababu imebaki kama kiganja, nayo imebaki kama kiganja kwa sababu tuliiua, na karatasi inayosema kwamba hakuna aliyelalamika ni yangu. Kosa langu limekuwa ushahidi wa kosa la pili. Hilo linaniwasha kifuani kama pilipili.

Lakini hasira yangu haiishii kwangu, na sitajifanya kwamba inaishia. Wiki mbili zilizopita, kampuni yenu ilipokuja kuutangaza mpango huo shuleni, nilikaa nyuma. Wewe ulikaa mbele. Yule ofisa wenu kijana, mwenye kizibao cha kung'aa, hakupanda kilima hata hatua moja. Viatu vyake vilikuwa safi kama vya harusi. Kila alipoulizwa swali, alijibu kwamba mfumo umezingatia. Maji? Mfumo umezingatia. Vumbi la darasani? Mfumo umezingatia. Mfumo hauna upendeleo, akasema, tofauti na binadamu.

Nakumbuka Mzee Shabani alivyosimama, yule mwenye duka la saruji na mabati Dongobesh, ambaye anayataka mawe hayo kuliko mtu yeyote wilayani.

"Samahani, kijana wangu," akasema. "Huyu Mfumo anaishi wapi? Maana tangu umeanza kuzungumza, kila kitu amefanya yeye. Mlete tumpe chai, tumwulize habari za maji ya ng'ombe."

"Mzee, mfumo ni kompyuta."

"Aa! Basi hawezi kuja. Umekuja wewe. Jibu wewe."

Watu walicheka mpaka akina mama wakashika mbavu. Ofisa akainamia kishikwambi chake, akatafuta, kisha akasema tena kwamba kwa mujibu wa nyaraka za kijiji chenyewe, hakuna aliyewahi kupinga. Wewe uligeuka ukanitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusimama. Nilikuwa na umri, nilikuwa na sauti, nilikuwa na ukweli mzima kichwani. Nikaangalia kofia yangu. Mara ya pili, Emiliana, na mara hii sikuwa hata na suti ya kuichafua.

Kinachoniudhi kwa watu hao si kwamba wana mashine. Barabara ya lami tunaitaka. Nimesaidia kubeba wajawazito kwa machela kwenye utelezi wa hapa Nambis, na sitamsikiliza mtu anayeishi mjini akiniambia kwamba kijiji kinapendeza bila lami. Mawe lazima yatoke mahali fulani. Wala siidharau akili hiyo. Iliona mpasuko kwenye mwamba wa kaskazini ambao sisi hatukuwahi kuuona. Kinachoniudhi ni mtu mzima, mwenye mshahara na macho mawili, anayepewa karatasi iliyoandikwa na mwoga mmoja miaka mingi iliyopita, akaichukua kuwa sauti ya watu wote, kisha akiulizwa anaelekeza kidole kwenye kompyuta. Mashine ina udhuru. Haikuwepo darasani. Haikumsikia bibi yako. Mimi nilikuwepo. Na yule kijana alikuwa umbali wa kutembea kutoka kwenye chemchemi, na wanawake walikuwa mlangoni na madumu yao.

Nilikuwa nimekasirika pia kwa sababu nilitaka uikatae kazi. Nilitaka ufanye wewe, ukiwa na umri wako, ujasiri ambao mimi sikuufanya nikiwa na wangu. Hilo halikuwa haki. Nenda kazini. Jifunze kazi hiyo mpaka uijue kuliko waliokuajiri. Ila ukiletewa karatasi inayosema hakuna aliyepinga, mkumbuke mtu aliyeishika kalamu. Mimi nilikuwa mtu mwema kwa kila kipimo cha kijiji. Nilisali, nilifundisha, sikunywa pombe, sikula rushwa. Niliandika uongo kwa herufi safi, na kwa sababu herufi zilikuwa safi hakuna aliyeushuku.

Kuna jingine, na linanitia haya kuliko hilo la mkutano, kwa kuwa linakuhusu wewe. Ulipokuwa kidato cha kwanza bwenini uliniandikia barua. Ulisema unaumwa tumbo kila usiku, wenzako wanakucheka, na unaomba nije nikuchukue. Nilichukua kalamu nyekundu. Nikasahihisha barua yako mstari kwa mstari, nikaandika chini "Rudia kwa makini," nikakurudishia kwa posta. Uliirudia. Barua ya pili haikuwa na kosa hata moja, na haikusema lolote kuhusu tumbo. Niliwaonyesha walimu wenzangu kwa fahari. Mama yako ndiye aliyepanda basi kukufuata, akakukuta zahanati.

Sijui kama ulinisamehe au ulizoea tu. Nilikuwa na masikio ya kusikia jinsi mtu anavyosema, sikuwa nayo ya kusikia anachosema. Mama yangu alilipa kwa maji, wewe ulilipa kwa tumbo. Nakuambia hivi si ili unihurumie, kwa maana sipendi kuhurumiwa, bali ili ujue kwamba mtu anaweza kuwa hodari kabisa katika kazi yake na bado awe kiziwi. Kampuni yenu ina watu hodari. Nimewaona.

Alhamisi hii mkutano mkuu wa kijiji utaamua kama kijiji kinatoa kilima kwa mpango huo ulivyo, au kinadai shimo lihamishiwe upande wa machweo. Jana nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji, nikamwomba aniweke kwenye ajenda. Nilimwambia nataka kusema hadharani kwamba muhtasari ule ni wa uongo na mwongo ni mimi.

Alifunga mlango wa ofisi. "Mwalimu, kaa chini," akasema. "Umefikiri vizuri? Kitabu kile umekiandika miaka kumi na sita. Mashamba ya watu yamegawanywa kwa mihtasari yako. Mipaka ya kina fulani na fulani iko mle. Ukisimama useme ukurasa mmoja ni wa uongo, kesho asubuhi nitakuwa na foleni ya watu hapa nje, kila mmoja na ukurasa wake."

"Basi wasomwe wote," nikamwambia.

"Na binti yako? Kampuni itasema baba yake ndiye aliyewaharibia. Hajakaa hata siku moja kwenye kiti chake."

Swali hilo ndilo lililozaa barua hii. Jina langu ni langu, naweza kulitupa nikitaka. Kiti chako si changu. Nimetembea kilimani asubuhi ya leo baada ya ibada nikilifikiria hilo, nikafika mpaka kwenye jiwe. Sikupata njia ya kusema ukweli ambayo haikugusi. Nikinyamaza mara ya tatu, nitakuwa nimekuweka wewe mahali pa wale wageni wa wilayani, mtu ambaye mama yangu ananyamazishwa kwa ajili yake. Sikubali kukufanyia hivyo. Kwa hiyo nitasema. Ikikugharimu kazi, utakuwa na haki ya kunikasirikia, na nitaipokea hasira yako bila kuisahihisha.

Nina ombi moja, na unaweza kulikataa. Uliniambia kwamba mashine husoma inachopewa. Maneno ya bibi yako yamo ndani ya barua hii, yameandikwa na shahidi aliyeyasikia, na nimeyatia sahihi pembeni. Yachapishe. Waambie wayaingize pamoja na zile nyaraka nyingine, na chemchemi iwekwe kwenye ramani, kisha uiache mashine yao ipange upya. Ningependa kujua itasema nini ikiambiwa ukweli. Huenda ikamwelewa bibi yako upesi kuliko nilivyomwelewa mimi. Na kama wakikataa kuyaingiza, hapo utakuwa umejua unafanya kazi na watu wa namna gani, na utaamua mwenyewe bila mimi kupiga meza.

Mwenyekiti amekubali kwamba Alhamisi mtu yeyote aseme kwa lugha anayoiweza. Wamenitafutia mwandishi mwingine, binti wa hapa jirani anayesoma ualimu. Mimi nitakaa naye nimtafsirie maneno ya wanawake wa mteremko, neno kwa neno, na wao wenyewe watakuwa wakinisikiliza wanisute nikipotoka. Mkutano ukishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo. Hata kama wengi watanyoosha mikono kuukubali mpango kama ulivyo, nitakuandikia jina la kila mtu aliyesimama kukataa, pamoja na alichokisema.

Baba yako